Usukani wa Saidumar

Benchi hilo lilitokana na ubao wa mizani ya pamba iliyovunjika mwaka 1961, na tangu mwaka huo limeegemea ukuta wa kiwanda cha kuchambulia pamba, mjini Konibodom, likilitazama hodhi la maji la mtaa. Wanaolikalia ni wazee wale wale, na birika ni lile lile. Chai ya kijani humiminwa katika piyola, kibakuli cha kunywea kisicho na mkono, ikarudishwa birikani mara tatu, ndipo ikanyweka. Ijumaa ya tarehe 22 Machi 2013, siku moja baada ya Navruzi, sikukuu ya mwaka mpya, baridi ilikuwa imerejea mjini kama mgeni aliyesahau kofia yake. Milozi ya upande wa pili wa ukuta ilikuwa imechanua, na maua yake yalidondoka bila haraka juu ya maji, juu ya vilemba na kofia, na juu ya gari la bluu lililosimama mbele ya benchi, boneti ikiwa wazi.

Gari lilikuwa la Kijerumani, la mwaka 1986, na mwenyewe alikuwa kaburini. Saidumar alilinunua mwaka 1995, akaliendesha miaka kumi na sita, akafariki tarehe 14 Oktoba 2011. Aliyeketi sasa mwisho wa benchi, funguo zikiwa mfukoni, alikuwa kaka yake, Akobir, ambaye mtaa mzima ulimwita Mizani kwa sababu alikuwa karani wa mizani ya pamba mpaka alipostaafu, na hata leo hakukubali neno lisilo na uzito kamili. Kesho yake, jua likishatua, Munavvara, binti pekee wa Saidumar, angeolewa. Aliomba jambo moja tu.

“Baba Mkubwa,” alisema, “nitoke na gari la baba.”

Na desturi ya mtaa huo haina huruma. Bibi harusi akishapanda gari, gari hulizunguka hodhi mara tatu ndipo liende zake, wala halisimami, wala halirudi nyuma. Njia ni nyembamba: mkono mmoja ukuta, mkono mwingine maji. Likisimama katikati, upande wa bwana harusi huleta gari lao, msichana akahamishwa mbele ya macho ya watu, na maneno yake hayaishi hata akiwa na wajukuu. Nalo gari la Saidumar, tangu Jumatano, lilikuwa limeota usukani mzito kama jiwe la kusagia.

— Tuanze upya, — alisema Nyundo. Huyo alikuwa fundi wa matrekta wa shamba la ushirika, na jina alilipata kwa kuwa nyundo yake ilifika kwenye kitu kabla ya macho yake. — Belti ya pampu nimeikaza. Magurudumu yana upepo. Mafuta ya stelingi yamejaa pomoni, tena mekundu safi, hayana povu. Nimelala chini ya gari mpaka mgongo umeganda. Hakuna paipu inayovuja. Sasa mnataka niseme nini?

— Sema hujui, — akajibu Antena, aliyekesha miaka yote na redio sikioni.

— Kujua najua. Sijui sababu tu.

— Haya, fundi wetu huyo, mpigieni makofi.

Akobir hakucheka. Alikuwa akiyatazama maua juu ya maji. Hayakuzama wala hayakwenda popote; yalijizungusha tu taratibu, kana kwamba nayo yanafanya mazoezi ya kesho.

— Pampu imechoka, — Nyundo aliendelea. — Sikilizeni linavyolia ukikata kona. Huo si mlio wa pampu nzima.

— Pampu iliyochoka huchoka kila siku, — alisema Akobir. — Jumatano asubuhi usukani ulikuwa mzito. Jana, sikukuu, saa saba mchana, jua likiwaka, nimelizunguka hodhi nalo kwa mkono mmoja. Leo alfajiri, mzito tena. Nikiliacha lingurume muda mrefu linaanza kulegea kidogo, nikilizima likapoa linarudia yale yale. Niambie, Nyundo, pampu gani inapona sikukuu na kuugua kesho yake?

— Hata mimi naumwa hivyo hivyo, — alisema Nyundo.

— Wewe hukuundwa na Wajerumani, — aliingilia wa nne, akiwa ameinua kidole.

Huyu aliitwa Berlin. Alikuwa mwanajeshi huko Ujerumani kuanzia Mei 1974 hadi Juni 1976, na tangu aliporudi hakuna chuma kilichopita mtaani asikidai kuwa jamaa yake.

— Niulizeni mimi, — alisema. — Gari la Kijerumani linafuata ratiba. Mkuu wetu alikuwa na moja, ikigonga saa ya mapumziko, halikati kona hata umbembeleze. Mapumziko yakiisha, jepesi kama kope. Hili limezoea kufanya kazi mchana. Nyinyi mnaliamsha alfajiri, linawagomea. Lina haki.

— Berlin, wewe huko ulikuwa unamenya viazi.

— Viazi nilimenya. Dirisha la jikoni lilitazama wapi? Gereji.

— Miaka miwili unatazama gereji kwa dirisha la viazi, leo umekuwa injinia. Haya, tuongezee chai.

Berlin alimimina. Alijaza nusu tu ya piyola, kama adabu inavyotaka, maana piyola iliyojaa humwambia mgeni aondoke. Mvuke ulipanda ukachanganyika na maua yaliyokuwa yakishuka, na kwa kitambo haikujulikana kipi kinapanda na kipi kinashuka.

— Jirani hawa wameanza kupika mapema, — alisema Antena, akivuta pumzi. — Njaa imenikamata.

— Usiikwepe zamu yako, — alisema Nyundo. — Wenzako tumesema. Na wewe toa lako.

Antena aliweka piyola chini kwa uangalifu wa mtu anayeweka yai.

— Mmeuona mnara mpya wa simu kule kilimani? Umesimamishwa Februari. Kabla ya Februari gari lilikuwa na tatizo? Halikuwa na tatizo. Mawimbi yanatoka kule, yanashuka. Siku ya jua yanapaa juu, yanakwenda zake Uchina huko. Siku ya mawingu yanabanwa, yanatembea chini chini, yanayakandamiza mafuta ndani ya paipu. Mafuta yanashindwa kupita. Ndiyo maana jana jepesi, leo zito.

— Na mafuta ya matrekta yangu mbona hayakandamizwi?

— Matrekta yako yalikufa mwaka 1998, Nyundo. Yatakandamizwa nini tena?

— Acha kutupiga fiksi bwana. Kama ni mnara, wewe na redio yako mngekuwa mmekauka zamani.

— Na mbona magoti yangu hayakunjiki asubuhi? Umejiuliza?

Akobir alinyanyuka. Aliingia garini, akawasha, akaukata usukani kulia, akaukata kushoto. Chini ya boneti pampu iliguna kwa sauti nene, ndefu, na usukani ukaja kidogo kidogo, kama mlango wa chumba ambamo kuna mtu aliyeegemea kwa ndani. Alizima akarudi. Viganja vyake vilikuwa vyekundu.

— Kulia na kushoto ni sawa? — aliuliza Berlin.

— Sawa sawa.

— Basi nilichokuwa nataka kusema kimeharibika.

— Ulitaka kusema nini?

— Kwamba linataka kwao. Kwamba likielekea magharibi lingekuwa jepesi.

Hawakumcheka. Kitu fulani katika jambo hilo, gari lililotoka mbali likasahauliwa kando ya maji ya watu wengine, kiliwanyamazisha hata wale wenye ulimi mwepesi. Upepo ulipita juu ya ukuta. Milozi ilimwaga mzigo mwingine, na kioo cha mbele cha gari kikafunikwa karibu chote, pakabaki pa wazi upande wa dereva tu.

Ndipo Nyundo, ambaye maisha yake yote hakuamini kisichogongeka, akazungumza akitazama mikono yake.

— Mimi nitawaambia, na mkitaka mnicheke. Nilipokuwa chini ya gari nilimwambia Mizani azungushe. Nikashika fimbo ya usukani kule chini kwa mkono wangu. Nimeshika fimbo za usukani miaka thelathini. Kitu kilichokwama kinakataa halafu kinaachia ghafla. Hiki hakikatai hivyo. Kinazuia polepole, kinaachia polepole. Kama mtu.

— Mtu gani? — aliuliza Antena, na sauti yake haikuwa na mzaha.

— Mwenye gari, bwana. Nani mwingine? Ana binti mmoja. Kesho anachukuliwa. Ungekuwa wewe, ungeachia?

Akobir alihisi maneno hayo yanatua kifuani mwake bila kelele, kama maua yale. Hakuwaambia kwamba jambo hilo hilo lilimjia alfajiri, usukani ukiwa baridi mikononi mwake na hodhi likifuka ukungu. Kwa muda huo mfupi hakuwa na shaka kwamba upande wa pili wa usukani ule palikuwa na mikono mingine, mikavu, yenye alama ya kuungua karibu na kidole gumba. Wala mikono hiyo haikumpinga. Ilikuwa inaomba muda. Naye, aliyepima pamba ya wilaya nzima asipotoshe hata kilo moja, alisema kwa sauti ndani ya gari tupu: “Nipe, ndugu yangu. Nitamfikisha salama.”

Aliyafumba macho. Samawari ya maji ya chai, kando ya benchi, ilipiga mluzi mdogo. Alimwona Saidumar akija kwa miguu kandokando ya hodhi, amevaa koti la mwaka ule wa shida, 1996, akikung'uta theluji ambayo haikuwa theluji. Alikuwa akitaka kuuliza kitu, na alipofungua kinywa ikatoka sauti ya kike.

— Amani iwe juu yenu, wazee.

Akobir alifumbua macho. Wote walisimama, mikono vifuani. Mbele yao palikuwa na ajuza mfupi mwenye shali ya sufu, mkono mmoja fimbo, mkono mwingine furushi kubwa la mikate lililofungwa kwa kitambaa. Alikuwa Bibi Oyjamol, nyanya wa bwana harusi. Alikuwa akirudi na mikate kwa kina bibi harusi, ambako jioni hiyo wanawake wa pande mbili hukaa kukata karoti za pilau ya kesho. Lakini ilikuwa dhahiri kwamba amepita njia ndefu makusudi ili apite kwenye hodhi.

— Juu yako pia, Bibi. Karibu chai, — alisema Akobir.

— Nimekunywa, mwanangu. — Alilitazama gari, boneti ikiwa wazi kama kinywa cha mgonjwa. — Hili ndilo?

— Ndilo.

— Vijana wetu wameniambia usukani wake haugeuki. Wamepata gari jeupe, jipya, wameliegesha darajani. Mimi nimewaambia wangoje. Nimesema binti ameomba la baba yake, na mtu aombaye mara moja tu katika maisha, asikilizwe. Lakini, mwanangu, na maji ni maji. Mjukuu wangu sitaki kumwoza ndani ya hodhi.

— Nimekuelewa, Bibi.

— Basi nipe neno nikawape. Linageuka au haligeuki?

Akobir alitafuta neno lenye uzito kamili, asilipate. Akageuka kwa wenzake. Berlin alitazama magharibi. Antena alitazama mnara. Nyundo hakutazama popote.

Ajuza alisogea karibu na injini, iliyokuwa bado na moto kidogo. Akainamisha kichwa. Akanusa mara moja, halafu mara ya pili, kama anusavyo mpishi mkuu kabla ya kuonja.

— Huko nyumbani karoti ndiyo kwanza zinamenywa, — alisema. — Masufuria yamefunikwa chini juu, moto haujawashwa, nimeona kwa macho yangu. Sasa mbona gari lenu linanuka pilau?



Walikuwa wameinusa harufu hiyo tangu asubuhi, wote wanne, na kila mmoja aliisingizia ua wa jirani. Akobir alikwenda taratibu mpaka kwenye kikombe cheusi cha mafuta ya stelingi. Kilikuwa kimejaa kupita kiasi, na kwenye mfuniko wake tone moja zito lilikuwa likishuka, likitua juu ya bomba la moshi, likikaangika. Alikifungua. Alichovya kidole. Mafuta yalikuwa mekundu kweli, mekundu ya kahawia, lakini yalimng'ang'ania kidoleni kama samli. Aliyaweka ulimini.

— Pamba, — alisema.

— Haiwezekani, — alisema Nyundo, akachovya chake. Akakilamba. Kisha, kwa sauti ya chini: — Mafuta ya kupikia.

Hapakuwa na haja ya kuelezana. Katika mji huo hakuna nyumba isiyojua kwamba chupa ya mafuta ya pamba ikiachwa dirishani usiku wa baridi huganda ikawa nzito na nyeupe chini, na kwamba dawa yake ni kuisogeza karibu na jiko, au kungoja jua la mchana. Jumatano baridi. Alhamisi jua. Ijumaa baridi. Mambo yote yalikuwa wazi mbele yao siku tatu nzima, kama sinia mezani.

— Nani amelipikia? — aliuliza Bibi Oyjamol.

Mmoja wao alilijua jibu.

Maana Akobir alikuwa ameona Januari ya 1996, pale pale kando ya hodhi. Sokoni hakukuwa na mafuta ya gari, hakukuwa na mafuta ya taa, hakukuwa na kitu; watu walitia mafuta ya pamba katika taa, katika cherehani, katika bawaba za milango. Saidumar alikuwa ameinama juu ya kikombe hiki hiki akimimina chupa ya jikoni, na juu ya tairi ya akiba alikuwa ameketi mtoto wa miaka mitano, kofia imemfunika masikio, akimshikia faneli kwa mikono miwili. “Anywe ashibe,” Saidumar alikuwa akimwambia. “Akishiba hatatuacha njiani.” Majira ya kuchipua mafuta halisi yalipopatikana aliyamwaga yale yote, lakini mtoto alikuwa amelala wakati huo. Na ufunguo wa gari, tangu baba yake azikwe hadi Jumatano hiyo, ulining'inia kwenye msumari kando ya kioo cha Munavvara.

Gari limesimama mwaka na nusu, mafuta yamepungua, na mtoto wa mtu ameona kikombe kitupu siku chache kabla ya harusi yake. Amefanya kama alivyofundishwa.

Lakini mbele ya nyanya wa bwana harusi, siku moja kabla ya ndoa, nani atatamka kwamba bibi harusi amelipikia gari? Neno hilo lingefika darajani kabla ya ajuza mwenyewe. Akobir alifuta kidole chake katika leso, akaikunja leso mara mbili, akakaa kimya. Wenzake, ambao hawakujua alichokijua, walimtazama uso wakakijua, nao wakakaa kimya. Na kwa benchi lile, hilo lilikuwa jambo jipya.

Ng'ambo ya hodhi, kwenye lango la nyumba ya Saidumar, pazia lilitikisika. Mkono ulionekana, wenye hina mbichi, ukalirudisha mahali pake.

Bibi Oyjamol alilitazama pazia. Alitazama gari. Ua moja lilimtua begani.

— Marehemu mume wangu, — alisema hatimaye, — alitia mafuta hayo hayo katika pikipiki, mwaka 1994. Ikatembea mpaka mtoni, ikaanza kunuka, mbwa wa mji mzima wakatufuata. — Alihamisha fimbo mkono mwingine. — Nitawaambia vijana gari jeupe walirudishe. Nyumba inayolilisha gari haitamwacha mume na njaa.

Akaenda zake kwenye karoti, polepole, akilizunguka hodhi kwa upande wa ukuta.

Hapo wazee wakawa watu wengine. Berlin alitumwa sokoni kuleta mafuta halisi ya stelingi, akaenda bila kutaja Ujerumani. Nyundo aliinua sehemu ya mbele kwa jeki, magurudumu yakaning'inia, akaifungua paipu ya kurudishia mafuta, akaielekeza katika bakuli. Mafuta hayakutaka kutoka. Yalikuwa yameganda njiani.

— Yanataka moto, — alisema.

— Moto uko hapa, — alisema Antena, na akalinyanyua birika.

Walimimina chai yote juu ya pampu na juu ya paipu, wakachemsha maji mengine wakayamimina pia, mpaka samawari ikatoa hewa tupu. Mvuke wenye harufu ya majani ya chai na pilau uliwafunika wote watatu. Akobir aliketi ndani, injini imezimwa, akauzungusha usukani mwisho mpaka mwisho, kulia, kushoto, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Na bakulini mafuta yakashuka, uzi mnene mwekundu, kisha uzi mwembamba. Berlin alirudi. Wakatia mafuta mapya, wakayapitisha yakatoka, wakatia tena. Viputo vilipanda katika kikombe, vikapungua, vikaisha. Waliwasha injini. Hakuna kilichoguna.

Jua lilikuwa limekwisha tua, na baridi ilikuwa kali kuliko ya alfajiri. Nyundo alitaka kuyamwaga mafuta ya bakulini mtaroni. Akobir alimzuia. Alichomoa pamba kidogo kutoka bitana la koti lake kuukuu, akaisokota utambi, akauweka katikati ya bakuli, akauwasha. Mtaani humo, jioni ya kuamkia harusi, huwashwa utambi kwa ajili ya yule ambaye hataweza kufika. Moto ulisita, ukatoa moshi, ukasimama. Alilipeleka bakuli mpaka ukingo wa hodhi akaliacha hapo.

— Lizungushe basi tuone, — alisema Nyundo. — Mara tatu.

— Mara moja, — alisema Akobir. — Tatu ni za kesho.

Aliingia, akaondoa breki. Gari lilikwenda kati ya ukuta na maji, na usukani ulikuwa mwepesi, mwepesi mno, ukifuata hata wazo lake. Alidhani angefurahi zaidi ya hivyo. Maua yaliteleza kutoka kwenye kioo, moja moja. Alipolifikia bakuli, mwanga wake ukiwa mara mbili, mmoja ukingoni na mmoja ndani ya maji, alijikuta ameusogeza mkono wake pembeni mwa usukani, akaushika upande mmoja tu, na upande wa pili akauacha wazi.